Majaji wanawake hawakuishia kuandika hukumu

MIZANI YA WIKI
Na Rehema Mshana

Hukumu mbili zilizomwinua sana mwanamke wa Tanzania zilitolewa na majaji wanaume. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kuwa mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi, sawa na mwanamume.

Basi wapo wanaouliza: ikiwa jaji mwanamume mwadilifu anatosha, kelele za kutaka majaji wanawake ni za nini?

Jibu langu ni kazi ya Jaji Eusebia Munuo. Mlango ulikwisha kufunguliwa na Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini, miaka ya 1970. Munuo na wenzake walipoingia hawakungoja mashauri yawakute mezani. Mwaka 2000 waliunda Chama cha Majaji Wanawake Tanzania, TAWJA, wakawafundisha mahakimu haki za wanawake, kisha wakaivalia njuga rushwa ya ngono.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Hukumu humsaidia aliyeweza kufungua shauri. Binti anayenyimwa alama chuoni, au mama anayezungushwa ofisini mpaka akubali kulala na mkubwa, mara nyingi hafiki mahakamani. Hana shahidi, na anajua ataulizwa yeye kwanza alikuwa amefuata nini. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamlinda, lakini kifungu asichokijua hakimtoi kwenye mtego. Majaji hawa walitoka nje ya kuta za mahakama kwenda kukieleza.

Mzigo huo usiachiwe chama peke yake. Mafunzo hayo yawe ya kudumu katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, yatengewe fungu kila mwaka, na mahakimu wote wahudhurie, wake kwa waume. Nyalali na Mwalusanya walithibitisha kwamba mwanamume anaweza kumtendea haki mwanamke aliyesimama mbele yake. Munuo na wenzake wametufundisha kumtafuta yule ambaye hajathubutu kuja.