Sehemu ya 6: Dakika 15 za gitaa sio wizi

Juzi niliposema najifunza gitaa, mmoja akaniuliza, "Nesi, una watoto wawili, muda unaupata wapi?" Sijaupata jamani, nimeuchukua. Dakika 15 watoto wakishalala, simu ikiwa chumba kingine. Na kwa maoni yangu mama kujifunza kitu kisichomfaa mtu mwingine yeyote sio ubinafsi, hata kama vyombo bado viko kwenye karai.

Ila nilianza vibaya. Nilikuwa naacha siku 6, halafu siku ya off napiga masaa matatu mfululizo ili nifidie. Asubuhi moja nikaamka kidole cha shahada na cha kati vina ganzi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kutafuta mshipa wa kichanga aweke kanula, hiyo sio ya kuchekea. Siku mbili nzima mwenzangu ndiye aliyenitafutia mishipa. Nilipumzisha mkono, ganzi ikaisha, lakini hofu nimebaki nayo.

Kwa hiyo mwanao anayejifunza akilalamika, usikimbilie kumwambia "kaza". Ncha za vidole kuuma wiki za mwanzo ni kawaida, ngozi inakomaa. Ganzi, au maumivu ya kifundo cha mkono yanayopanda juu, hapo aache papo hapo, na yakirudi aonwe na daktari. Mtafutie gitaa la nyuzi za nailoni linalolingana na mwili wake, nyuzi za chuma zinakata vidole vya mtoto.

Mazoezi yenyewe? Mimi natumia ya Mauro Giuliani, Mwitaliano, yaliyochapishwa 1812. Yako 120 ya mkono wa kulia, na yote yanazunguka kodi mbili tu, C na G7 (sio kodi ya nyumba, msicheke). Mkono wa kushoto haupati kazi kubwa, basi akili yote inakwenda kwa gumba, shahada, cha kati na cha pete. Napiga zoezi moja kwa wiki, polepole mpaka inachosha kusikiliza. Nikikosea sirudi mwanzo, narudia pale pale nilipokosea. Zamani nilikuwa narudi mwanzo kila mara, matokeo yake mwanzo nikaujua vizuri sana na kosa likabaki palepale.

Wapigaji wengi wa muziki huu hufuga kucha za mkono wa kulia. Sisi wodini kucha ndefu haziruhusiwi, na sawa kabisa, zinabeba vijidudu. Nilidhani basi mlango umefungwa. Kumbe Fernando Sor, Mhispania aliyetunga vipande ambavyo wanafunzi wanavipiga mpaka leo, yeye alipendelea nyama ya kidole bila kucha. Sauti inakuwa ya upole, haiamshi mtoto.

Sasa niko kwenye Lágrima ya Francisco Tárrega, maana yake chozi. Ni kifupi, dakika mbili hivi, lakini mwezi wa tatu huu na bado nakwama palepale katikati. Mkubwa wangu keshakikariri kwa kukisikia kupitia ukuta. Nikikosea, naisikia miguno yake kitandani.

Kesho niko zamu ya usiku, maswali nitajibu Alhamisi.