Mashini inachoka: tuiongeze mwendo ao tuipe hewa?

Mwezi huu ukurasa wetu unajibu barua ya kijana mmoja wa Kolwezi, mwenye miaka 19. Tumeikata kidogo, lakini maneno ni yake mwenyewe:

«Yaya, jambo. Mu nyumba yetu tuko na ordinateri moja ya kubeba, ile ya michezo. Papa aliinunua okazyo, alilipa mara tatu. Ndani mko prosesa Intel Core i5-9300H, kadi ya picha NVIDIA GTX 1650 na memwari ya giga 8. Mbele ilikuwa inacheza muzuri. Sasa nafungula muchezo wa mbio za motokari, dakika kumi inaenda sawa, kisha picha zinaanza kukatika-katika, na vantilateri inalia sawa ndege. Rafiki yangu anasema tuifanyie overkloki, eti ni programu tu, haiombi feza. Lakini yaya yangu mwanamuke anaandikia kazi yake ya mwisho ya univerzite mu ile ile mashini. Papa anakataa. Mimi naona anaogopa bure. Nani kati yetu anasema kweli?»

Mdogo wangu, asante kwa barua yako. Papa anasema kweli, lakini wewe pia uliona jambo moja la maana bila kujua. Uliandika: «dakika kumi inaenda sawa». Shika neno hilo. Kama mashini ingekuwa haina nguvu ya kutosha, ingekuwa nzito tangu dakika ya kwanza. Inayokwenda vizuri kisha inalegea, hiyo haikosi nguvu. Inakosa hewa.

Mzee aliyefanya kazi chini ya udongo kule Kipushi atakuambia: hewa ikikosa, kazi inasimama, hata kama vyombo vya kutoboa mawe ni vipya. Prosesa ni vile vile. Ile yako, mwenye kuitengeneza aliipa mpaka wa digri 100. Ikikaribia hapo, inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Basi ile kukatika-katika si ugonjwa. Ni mashini inajilinda. Kuizidisha mwendo wakati inajilinda ni kama kukanyaga gazi ya kamio ambalo radiatere yake imejaa matope.

Kabla ya yote

Leo hii, mbele ya kugusa kitu, chukua fleshi uweke kopi ya kazi ya yaya yako. Kopi mbili ni bora kuliko moja. Mchezo unaweza kuuweka tena kesho. Kazi ya mwaka mzima hairudi.

Tafuta sababu, moja moja

1. *Moto wa umeme.* Ukicheza na bateri tu, mashini inapunguza nguvu ya kadi ya picha. Ni desturi yake. Cheza ikiwa imefungwa ku moto. Angalia pia shajeri: mashini za namna yako mara nyingi zilitoka na shajeri ya wati 135 ao 150. Watu wengi wananunua okazyo na kupewa shajeri ya wati 65. Inaingia, taa inawaka, lakini haitoshi. Soma kile kilichoandikwa nyuma yake. Na pale ambapo kura inapanda na kushuka, ao unatumia gurupu, tumia stabilizateri.

2. *Joto.* Pata programu HWiNFO, haiombi feza. Andika ku karatasi joto na mwendo wa prosesa ku dakika ya kwanza ya mchezo, kisha ku dakika ya 20. Prosesa yako inaweza kufika gigahezi 4,1. Kama ku dakika ya 20 joto linakaribia digri 100 na mwendo umeanguka mpaka 2, umepata jibu lako.

3. *Mavumbi.* Sisi wa miji ya migodi tunajua mavumbi yetu, zaidi wakati wa kiangazi. Mara moja mimi nilifungua mashini ya jirani iliyokuwa imefanya miaka mitatu bila kufunguliwa. Kati ya vantilateri na vyuma vya kupoza nilitosha kitu kama kipande cha blanketi. Jambo lingine: Kolwezi na Lubumbashi ziko juu ya bahari kwa metre zaidi ya 1.200, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Kwa hiyo usafi unatuhusu sisi zaidi.

Zima mashini kabisa, tosha shajeri, fungua chini, tosha waya ya bateri. Pangusa kwa brashi laini. Ukipuliza, shika vantilateri kwa kidole isizunguke. Kama hujawahi kufungua mashini, peleka kwa fundi, ukae karibu uangalie. Umwombe pia abadilishe ile dawa iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza, kwani inakauka kwa miaka. Na kuanzia leo usicheze juu ya godoro. Weka mashini ku meza, nyuma yake iinuliwe kwa vifuniko viwili vya chupa. Ni kitu kidogo, lakini hewa inaingia.

4. *Memwari na diski.* Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Kama memwari imejaa zaidi ya 90 ku 100, funga Chrome na vyote usivyotumia. Kuongeza kipande cha pili cha giga 8 kunasaidia mara mbili: nafasi inazidi, na prosesa inasoma vipande viwili kwa pamoja. Tena, kama mchezo uko ku diski ya kuzunguka, uhamishe ku SSD.

5. *Mchezo wenyewe.* Shusha vivuli kwanza, ndivyo vinavyokula sana. Kisha shusha ukubwa wa picha toka 1920 × 1080 mpaka 1600 × 900. Kazi ya kadi inapungua kwa karibu sehemu 30 ku 100, na jicho halilalamiki sana. Weka pia kikomo cha picha kwa sekunde. Picha 40 zenye kutulia ni bora kuliko 60 zinazoanguka mpaka 20.

Sasa tuseme juu ya overkloki

Overkloki ni kulazimisha prosesa ao kadi ya picha ikimbie kupita mwendo iliopewa ku kiwanda. Ni jambo la kweli, na kuko watu wanaolifanya vizuri. Lakini prosesa yako i5-9300H ilifungwa tangu kiwandani. Haikubali kuongezwa mwendo kupita ule wake. Kwa mashini za kubeba, Intel inaacha wazi zile tu zenye alama kama HK na HX. Basi rafiki yako anakuahidi mlango ambao hauna ufunguo.

Inabaki kadi ya picha. Hiyo inaweza kusukumwa kidogo kwa programu MSI Afterburner. Faida ni nini? Tuseme sehemu 5 ku 100. Kama ulikuwa na picha 40 kwa sekunde, utakuwa na 42. Je, macho yako yataona hizo mbili?

Na bei yake ni joto. Mwendo ukizidi, joto linazidi. Kama unaongeza nguvu ya umeme pia, joto linapanda haraka zaidi: mwendo sehemu 5 zaidi na umeme sehemu 5 zaidi, joto linakuwa karibu sehemu 16 zaidi. Ku ordinateri kubwa ya meza kuko nafasi ya kupoza. Ku mashini ya kubeba, prosesa na kadi mara nyingi zinagawana vyuma vile vile vya kupoza, na bateri iko karibu. Bateri hizi nyingi zina kobalti ndani yake, pengine ile iliyotoka hapo karibu na nyumba yenu. Hazipendi joto, zinazeeka mbio. Ukiona kifuniko kinavimba ao ile sehemu ya kugusa kwa kidole inainuka, acha kutumia mashini, usiitoboe bateri, ita fundi.

Kuko hata njia ya kinyume. Ku mipango ya umeme ya Windows, weka kikomo cha prosesa ku 99 ku 100. Prosesa inaacha mbio zake za juu, inabaki ku gigahezi 2,4, na joto linashuka sana. Michezo inayotegemea kadi ya picha haipotezi mengi. Jaribu, kisha andika tena hesabu zako za dakika ya 20.

Nani anaweza kujaribu?

Jiulize maswali manne. Je, mashini yangu inabaki chini ya digri 80 baada ya nusu saa ya mchezo? Je, ni yangu peke yangu? Je, kazi zote zilizo ndani ziko na kopi pengine? Je, ikifa kesho, naweza kununua nyingine bila kumwomba mtu? Ukijibu «ndiyo» mara nne, jaribu pole pole: ongeza megahezi 15 kwa kadi, cheza nusu saa, angalia. Ukiona madoa ao mistari ku ekra, rudi nyuma. Lakini jibu moja tu likiwa «hapana», acha.

Wewe, mdogo wangu, swali la pili na la nne umekwisha kuyajibu mwenyewe ndani ya barua. Mashini ni ya nyumba. Ile feza papa alilipa mara tatu, wewe hukuitosha. Hawezi kusema neno «prosesa», pengine, lakini anajua bei ya kitu kisichorudi. Usimwite mwoga. Siku ya Posho, mwombe mufungue mashini pamoja mbele ya fundi, na yaya yako akiwepo. Mtaona wenyewe ni nini kilikuwa kinaizuia kupumua.

Utuandikie tena utuambie dakika ya 20 ilisema nini.

*Ya kuzungumza nyumbani:* Mu nyumba yetu, kitu gani kinatumiwa na wote? Nani anaamua juu yake? Na kazi za wanafunzi wetu, kopi yake iko wapi?