Majina yaliyobaki stejini

Je, msomaji, makanga anaponadi “Drive-In” katika barabara ya Thika, au “Bellevue” katika barabara ya Mombasa, unajua majina hayo yalitoka wapi?

Hapo palikuwa na sinema za Fox na Belle Vue, ambako familia zilitazama filamu zikiwa ndani ya gari. Mtindo huo ulianzishwa na Richard Hollingshead mjini Camden, Marekani, mnamo Juni 1933. Gari lilielekezwa kwenye pazia kubwa, kipaza sauti kikaning’inizwa dirishani, na giza lilipoingia filamu ikaanza.

Kisha kanda za video ziliingia majumbani miaka ya 1980. Mwenye mashine sebuleni angenunua tikiti ya nini? Na uwanja mkubwa unaoleta pesa usiku tu haudumu katika jiji ambalo ploti ni dhahabu.

Majina yamebaki, lakini wanaojua asili yake wanapungua. Wazazi, wasimulieni watoto. Nawe mwanafunzi, muulize nyanya au babu: filamu ya kwanza aliitazama wapi, na nani? Liandike jibu lake. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari.