Mlinzi Naye Alipobebeshwa Lawama

Sheria ya Kenya ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, inayaeleza mazingira kwa upana usiotarajiwa na wengi, kwani haiishii kwenye ardhi, maji na hewa, bali inataja pia sauti, harufu, ladha na hata majengo. Kwa maana hiyo nyumba za mawe za Ndia Kuu, kisiwani Mombasa, ni mazingira kama ilivyo mikoko ya Tudor, na uvundo unaoingia madirishani mwa Mji wa Kale ni jambo la kisheria, wala si ugomvi wa majirani tu.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 42, ilimpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 ikamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika. Mlango uko wazi, lakini kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ulio bara, nje ya kisiwa, inaonyesha urefu wa ukumbi uliopo nyuma yake. Huko kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi, yaani madini ya risasi na si ya bunduki, katika damu na katika udongo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kinachostahili kutazamwa zaidi ya fedha hizo ni kwamba miongoni mwa waliobebeshwa lawama ilikuwamo NEMA yenyewe, iliyowekwa kulinda.

Hukumu huja sumu ikiwa imekwisha kuingia mwilini. Kinachotangulia ni tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi unaopaswa kufanywa kabla ya mradi kupewa leseni, ambao ripoti yake hutangazwa magazetini ili umma uisome na kutoa maoni. Hatua hiyo, isiyohitaji wakili, ndiyo inayopuuzwa mno na wakazi wa kisiwani, ambao malalamiko yao huishia barazani. Tangazo la namna hiyo likitokea, lisomwe, na pingamizi liandikwe na kupelekwa NEMA kabla muda haujapita.