Ati Kitengela Haina Historia? Nani Aliwadanganya?

Wiki jana niliweka video fupi, nimesimama kando ya barabara ya Namanga, naeleza jina la Kajiado limetoka wapi. Dakika kumi hazijaisha, jamaa mmoja akashusha komenti: "Buda, Kitengela ni ploti na nyama choma tu. Historia endeni mtafute Mombasa." Watu wakacheka. Komenti yake ikapata laiki nyingi kuliko video yenyewe.

Mimi sikucheka, na si ati nilikasirika. Ni vile nilijiona hapo. Wazazi wangu si wa huku. Walinunua hamsini kwa mia, wakajenga polepole, na mimi nikaletwa nikiwa darasa la pili. Siku moja mwalimu akatuambia tuandike historia ya mtaa wetu. Niliandika mistari mitatu: mtaa wetu ulianza wakati stima ilikuja, kisha duka likafunguliwa, kisha sisi tukahamia. Mwalimu akaweka tiki. Hakuna mtu aliyeniambia nimekosea, kwa sababu hata wao walikuwa wanaamini hivyo: kwamba hapa hapakuwa na kitu mpaka sisi tufike.

Huo ni uongo, na leo nataka tuuvunje mchana kweupe.

Tuanze na jina. Kabla watu wazoee kusema Kitengela, senta hii iliitwa Noonkopir, na jina hilo bado liko hapo sokoni. Sasa jiulize: umeishi hapa miaka mingapi, na umewahi kumuuliza mzee yeyote wa Kimaasai Noonkopir ni nini? Kajiado nayo ni Olkejuado, mto mrefu, ule mto wa msimu unaopita upande wa magharibi wa mji. Ngong inatokana na maneno yanayomaanisha chemchemi ya kifaru. Yaani watu walikuwa wanakupa ramani ndani ya jina. Maji yako wapi, mnyama gani ananywa wapi. Sisi tukachukua jina, ramani tukatupa.

Halafu kuna swali la hawa watu walifikaje hapa wenyewe. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, ikawagawa mara mbili: wengine Laikipia, wengine huku kusini. Waliambiwa mkataba huo utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine, na wale wa Laikipia nao wakasukumwa kusini na ng'ombe wao ili walowezi wapate nafasi. Parsaloi Ole Gilisho na wenzake hawakunyamaza. Walienda kortini. Mwaka 1913 korti ikaitupa kesi, ikisema huo ni mkataba kati ya dola na dola, korti haiwezi kuuingilia. Fikiria hiyo: unanyang'anywa ardhi kwa sababu wewe ni raia wa mkoloni, halafu ukishtaki unaambiwa wewe ni taifa la kigeni.

Miaka hiyo hiyo reli ya kutoka Konza kwenda Magadi ilikuwa inajengwa kubeba magadi ya ziwani, ikapita Kajiado. Sasa unaelewa kwa nini mji uko pale uliko.

Songa mbele. Mwaka 1968 ikaja sheria ya ranchi za vikundi. Kitengela ikawa ranchi moja, zaidi ya hekta 18,000, ardhi ya pamoja. Mwaka 1988 ikagawanywa, kila mwanachama na kipande chake. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya EPZ, viwanda vikajengwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na bei ya eka ikaanza kupanda. Kipande kikakatwa, kikakatwa tena, mpaka kikafika hamsini kwa mia. Hapo ndipo mimi na wewe tunaingia kwenye hadithi. Sensa ya 2019 ilihesabu Kitengela watu zaidi ya 150,000.

Wapo waliojaribu kuzuia hiyo kasi. Kutoka mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa eka kwa mwaka wasiweke ua, ili wanyama wa mbuga ya Nairobi waendelee kupita. Shilingi 300! Broka anakuja na mamilioni. Mwisho wa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walikuwa zaidi ya 20,000. Ilipofika 2011 hawakufika hata 5,000. Mambo haya yalitokea juzi tu, watu walioyaona bado wanapanda matatu na sisi. Halafu unaniambia hakuna historia?

Na kama unataka ya kale kabisa, toka Nairobi ushike barabara ya Magadi mpaka Olorgesailie. Iko kaunti hii hii yetu. Familia ya Leakey ilichimba pale miaka ya 1940, na mashoka ya mawe bado yako chini pale pale yalipoachwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba watu wa pale, zaidi ya miaka 300,000 nyuma, walikuwa wanatumia mawe meusi ya obsidiani yaliyotoka makumi ya kilomita mbali. Yaani biashara ama ujirani ulikuwa unaendelea Kajiado kabla kuwe na neno la kuitaja. Niliuliza marafiki zangu tisa wa hapa Kitengela nani amewahi kufika. Mmoja. Na alikuwa anaelekea Magadi kuogelea.

Sasa linganisheni na Waingereza, hao hao waliochora mistari ya 1911. Kule kwao, mwaka 1086 mfalme aliandikisha karibu kila kijiji, mashamba yake na hata vinu vyake, na kitabu hicho wamekihifadhi hadi leo. Mwaka 1899 wakaanza mradi wa kuandika historia ya kila kaunti, parokia kwa parokia, na hawajamaliza. Kijiji chenye baa moja na kanisa moja utakikuta na kijitabu chake: nani alijenga daraja, kisima kilikuwa wapi, njia ya zamani ya sokoni ilipita wapi. Siwasifu. Nasema tu wanajua kitu ambacho sisi tunajifanya hatujui: mahali palipoandikwa ni pagumu kuibwa. Walipokuja huku waliandika "ardhi tupu" na kazi ikawa rahisi.

Hata hapa kwetu angalia ni nini kimetunzwa. Nyumba ya Karen Blixen ni makumbusho, na kaburi la rafiki yake Finch Hatton liko milima ya Ngong, watu wanapanda kuliona. Sina shida nao. Lakini nionyeshe kibao kimoja kinachosema ranchi ya Kitengela ilianzia wapi ikaishia wapi.

Najua mtasema nini. La kwanza: historia hailiwi. Sawa. Mafuriko ya 2024 yalipoingia kwenye nyumba za watu hapa Kitengela, tulikuwa tunakula nini? Broka alikuonyesha ploti mwezi wa Januari, udongo mkavu, jua kali, ukalipa. Mzee aliyechunga mbuzi hapo akiwa mtoto angekuambia bure maji hupita wapi mvua ikikubali. Nimerekodi mzee mmoja upande wa Kisaju. Alininyooshea fimbo tu: hapa ng'ombe walikuwa wanavuka, hapa hawakulala kamwe. Hapo aliposema hawakulala, leo kuna mabati ya watu sita wanaojenga. Wewe uite hiyo hadithi za kale. Mimi naita habari ambayo ingekuokolea pesa.

La pili: hayo ni mambo ya Wamaasai, sisi ni wa kuja. Hapa ndipo panauma, na lazima tuseme ukweli. Hati ya mzazi wangu imetoka kwenye hati kubwa iliyotoka kwenye ranchi. Hatukuiba, tulilipa. Lakini kulipa ploti hakukupi ruhusa ya kufuta aliyekuwepo. Ukioa kwa watu unajifunza majina ya wakwe. Iweje uishi kwenye ardhi ya watu miaka ishirini bila kujua hata jina lake?

Na tunalifuta kweli. Pita barabara ya Isinya usome mabango: bustani sijui za nani, vilima vya dhahabu, bonde la amani, awamu ya tano. Majina ya kuuza. Sholinke, Korompoi, Olturoto yanabaki kwa mdomo wa kondakta, na kondakta naye siku moja ataanza kuita jina la bango kwa sababu ndilo abiria analijua.

La tatu: hiyo ni kazi ya serikali. Hapo nakubali nusu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maktaba na makumbusho. Kwa hivyo MCA akija kuomba kura, usimuulize barabara peke yake. Muulize haya matatu. Moja, kwa nini mtaa mpya usilazimishwe kubeba jina la zamani la mahali hapo kwenye ramani yake? Mbili, kwa nini Kitengela isipate chumba kimoja tu, hata kando ya soko, chenye ramani ya ranchi kabla ya 1988 na sauti za wazee? Tatu, kwa nini watoto wetu wasipelekwe Olorgesailie na Magadi kabla ya kupelekwa mbali?

Nusu ya pili ni yetu sisi wenye simu. Tumerekodi kila choma, kila ngoma, kila vurugu ya steji. Walioshuhudia ranchi ikigawanywa wakiwa na miaka 40 leo wanakaribia 80. Hesabu mwenyewe wamebakisha muda gani.

Kwa hivyo kazi ya wiki hii. Tafuta mzee mmoja au kokoo mmoja wa mahali unapoishi. Msalimie vizuri, usimwekee kamera usoni kabla hajakukubalia, mbebee sukari na majani. Muulize vitu vitatu: hapa paliitwaje, maji yalipita wapi, na nani aliishi hapa kabla yetu. Kisha rudi uandike hapa chini jina la mtaa wako na jina lake la zamani.

Na yule jamaa wa nyama choma, naanza na wewe. Uko mtaa gani, na paliitwaje?