*TAARIFA YA TAWI: PESA ZA WAZEE SI ZAWADI YA MTU*

Kwa: wanachama wote, viongozi wa vituo, akina mama na vijana wa tawi



Kamati ya Tawi imekutana na kujadili jambo moja tu: pesa za Inua Jamii. Kila malipo yanapotoka, simu zetu hazinyamazi. Mzee ameondolewa kwenye orodha na hajui kwa nini. Mama anayemlea kijana asiyeweza kuketi bila kushikwa ameambiwa arudi wiki ijayo, na hii ni wiki ijayo ya nne. Nyanya amehesabiwa 3,200 badala ya 4,000, na alipouliza akaambiwa ashukuru hata hizo amepata.

Ashukuru nani?

*1. Pesa hizi ni za nani*

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Kifungu cha 54 kinazungumzia watu wenye ulemavu. Kifungu cha 57 kinazungumzia wazee, na kinataka waishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Tangu 2018 mpango wa wazee uko wazi kwa Mkenya aliyetimiza miaka 70 asiyepokea pensheni nyingine. Haulizwi ni wa kabila gani wala alimpigia nani kura. Mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa usiku na mchana ana fungu lake, linalopokelewa kwa mkono wa mlezi wake.

Pesa zenyewe zinatoka kwenye kodi. Hata yule nyanya amezilipa: kwenye sabuni, kwenye muda wa maongezi, kwenye nauli. Kwa hiyo mwanasiasa anayesimama matangani na kusema "mimi ndiye niliyewaletea hizi pesa" anasema uongo mbele ya maiti. Na tunajua uongo huu utaongezeka kadiri 2027 inavyokaribia. Kuna watakaoambiwa kwamba wasipokipigia chama fulani watafutwa. Mwambieni kila mzee: hakuna sheria inayomfuta mtu kwa kura yake, na kura ni siri.

*2. Hesabu*

Tupige hesabu kama watu wazima. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kilikuwa 2,000 mwaka 2018 na bado ni 2,000, na kila mmoja wenu anajua unga na mafuta vilikuwa bei gani wakati ule. Kwa siku ni shilingi 67 hivi.

Sasa tuchukue mfano wa malipo ya miezi miwili, yaani 4,000. Boda kwenda na kurudi, 400. Anayeandika majina anataka 200 "ya kalamu". Wakala anakata 200 "ya mashine". Jirani au mjukuu anayeshika kadi na namba ya siri anabaki na 500 "ya kusumbuka". Jumla 1,300. Mzee anarudi nyumbani na 2,700 za siku sitini. Hiyo ni shilingi 45 kwa siku.

Tuseme boda ni haki ya mwenye pikipiki, hatumlaumu. Zinabaki 900 ambazo ni wizi mtupu. Kwa mwaka ni malipo sita: 5,400 kwa mzee mmoja. Eneo lenye wazee mia moja wa kukatwa hivyo ni 540,000 kwa mwaka. Hakuna aliyevunja mlango wala kushika panga, lakini nusu milioni imetoka mifukoni mwa watu wasioweza kukimbia.

*3. Kwa Serikali*

Hatupingi wazee kuthibitishwa kuwa wako hai. Pesa za umma lazima zilindwe, na marehemu hapaswi kulipwa. Lakini mtu asiyeinuka kitandani akitakiwa afike mwenyewe kituoni, na asipofika akaunti isimamishwe, hapo aliyekamatwa si mwizi. Aliyekamatwa ni mgonjwa. Afisa aende nyumbani kwake. Chifu anapajua, maana siku ya mchango wa harambee hapotei njia.

Vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini havisomeki kila mara kwenye mashine. Hilo si kosa la mwenye vidole. Pawe na njia nyingine ya kumtambua siku hiyo hiyo, bila ya kumrudisha nyumbani mikono mitupu.

Kuna wazee ambao mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho ulikisiwa na karani. Ana wajukuu wenye ndevu, lakini kitambulisho kinasema bado hajafika 70. Wasaidiwe kurekebisha, wasichekwe dirishani.

Na waliotimiza 70 baada ya usajili wa mwanzo walisubiri miaka mingi. Njaa haisubiri awamu. Usajili uwe wa kudumu: ukitimiza umri, unaandikwa.

*4. Kwa sisi wenyewe*

Tungemaliza hapo tungekuwa wanafiki. Kwenye mkutano wapo wenzetu waliosema: "Mbona tusianze na wazee wa wanachama? Wale wa upande wa pili wasaidiwe na chama chao." Wengine wakasema: "Kijana wetu anapoteza siku nzima akimpeleka mzee, je, mia mbili ni dhambi?"

Tunajibu. La kwanza: tukichagua mzee kwa rangi ya shati, tunakuwa tumekubali kwamba pesa hizi ni za chama. Basi kesho wenye nguvu kuliko sisi wakiwafuta wa kwetu, tutasimama wapi kulalamika? Tutakuwa tumewafundisha wenyewe kazi hiyo.

La pili: siku ya kijana ina thamani, hatubishi. Lakini gharama hiyo itatoka kwenye mfuko wa tawi. Haitatoka kwenye 2,000 za mtu asiye na kingine. Mia mbili kwako ni chai na mandazi. Kwake yeye ni siku tatu.

Chama kinachosema kinatetea wanyonge kisha kikawakata wanyonge hakina tofauti na kile kinachokilaumu. Tofauti ni wimbo tu.

*5. Maazimio*

(a) Kila kituo kitateua watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kuwasindikiza wazee na watu wenye ulemavu kujisajili, kujithibitisha na kupokea. Watamsindikiza yeyote anayeomba, na hawatauliza chama.

(b) Hakuna mwanachama atakayeshika kadi, kitambulisho au namba ya siri ya mzee ambaye si wa nyumba yake. Msindikizaji anasimama kando, mzee anahesabu pesa zake mwenyewe. Asiyeona ahesabiwe kwa sauti mbele ya mtu anayemwamini.

(c) Asivae mtu fulana wala kofia ya chama kwenye foleni ya malipo. Kule si mkutanoni.

(d) Kiongozi wa tawi atakayethibitika kuchukua hata shilingi kumi atavuliwa nafasi yake na jina lake litasomwa kwenye mkutano mkuu wa tawi.

(e) Nauli za wasindikizaji zitaandikwa kwenye daftari la tawi, na daftari litakuwa mezani kila mkutano. Atakayetaka kulikagua alikague.

(f) Kila malalamiko yaandikwe: tarehe, kituo, kiasi alichopewa, kiasi alichostahili. Maneno matupu hayafiki popote. Tutayapeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo kwa maandishi, na tutabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mzee mwenyewe pia anaweza kupiga 1533, namba ya bure ya Inua Jamii.

(g) Walezi wa watu wenye ulemavu ambao hawajapata kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu waje kwa wasindikizaji. Kazi inaanza na uchunguzi wa daktari kwenye hospitali ya serikali, na wengi wanakwama hapo kwa kukosa mtu wa kwenda naye tu.

Ndugu wanachama, zaidi ya Wakenya milioni moja wanategemea mpango huu. Katika eneo letu mnawajua kwa majina na kwa milango. Kabla ya malipo yajayo, pita kwa mmoja. Muulize mambo matatu: amesajiliwa? Mara ya mwisho alipata ngapi? Nani anashika kadi yake? Majibu lete kituoni.

Na akikuuliza ni chama gani kimekutuma, mwambie umekuja kama jirani.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi kwa niaba ya Kamati ya Tawi. Isambazwe kwa vituo vyote. Wasiokuwa na simu wasomewe._