Kompyuta Inadhani Saa Kumi na Moja Jioni Tumeenda Kulala

Leo nina neno na wenye saiba, kuanzia Mtwapa mpaka Malindi. Nawapenda na mnatubeba sana, lakini hili lazima tuambiane.

Mwanafunzi ametoka Ganze na nauli ya kuazima. Amekaa kwenye mashine yenu saa moja usiku anajaza maombi ya HELB. Akiwa ukurasa wa mwisho, skrini inageuka buluu: asilimia 12, usizime kompyuta. Fomu nyingi za mtandaoni haziweki nakala, kwa hivyo mashine ikiwaka ataanza upya. Matatu ya mwisho ishaondoka. Na jibu analopewa ni lile lile: "Pole, ni apdeti, hatuna la kufanya."

Hapo nakataa. La kufanya lipo.

Kwanza tuelewane kwa nini mashine inajizima. Apdeti ya Windows inashuka kimya kimya huku wewe unaendelea na kazi zako. Lakini kuna faili ambazo mfumo wenyewe unazitumia, na haziwezi kubadilishwa zikiwa kazini. Ndiyo maana lazima kompyuta izime na kuwaka tena. Hilo silipingi. Swali langu ni moja: nani anachagua saa?

Tangu 2016 Windows 10 ina sehemu ya kuweka saa za kazi, na katikati ya saa hizo mashine haijiwashi upya yenyewe kwa ajili ya apdeti. Sasa sikia. Saa ilizokuja nazo ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Aliyepanga hivyo alikuwa akifikiria ofisi, watu wenye tai, jioni wanafunga mlango na kwenda nyumbani. Saiba ya pwani saa kumi na moja ndiyo kwanza inachangamka! Wanafunzi wametoka shule, watu wametoka vibaruani, jua limepoa. Saa yetu ya kazi, mashine inaihesabu kuwa saa ya kulala.

Matoleo ya baadaye yanajaribu kukisia saa zenyewe. Kwa nini ukisiwe na kidole unacho? Fungua mipangilio, weka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita usiku. Hizo ni saa 18, na ndizo nyingi zaidi inazokubali. Kazi ya dakika mbili kwa kila mashine, na haina malipo.

Najua kuna fundi tayari anacheka. Yeye dawa yake ni kuzima apdeti kabisa, milele, halafu anajisifu mashine zake hazisumbui. Wasee, huyo ndiye hatari zaidi. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha usalama mwezi Machi. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lile lile, kikafunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150, hadi hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka kilichokuwepo miezi miwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na saiba ndipo tunapoandika nywila za eCitizen, namba za vitambulisho, PIN za KRA. Mashine isiyo na apdeti inahatarisha kila anayeketi hapo.

"Lakini apdeti nazo zinaharibu!" Kweli. Julai 19, 2024, apdeti moja mbovu ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5, nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Hilo ni somo la kutofanya mashine zote kwa mpigo. Weka apdeti kwenye moja, itazame siku mbili tatu, halafu zilizobaki. Windows inakuruhusu kusimamisha apdeti hadi siku 35, nafasi ya kutosha.

Halafu kuna stima. Hapa kwetu kuacha apdeti ijifanyie usiku, kompyuta ya mezani ikiwa haina UPS, ni kamari. Mwaka 2023 giza liliingia karibu nchi nzima Agosti, likarudi Novemba, likarudi tena Desemba. Stima ikikatika mfumo ukiwa nusu, unaweza kuamka na mashine isiyowaka. Fanya mapema asubuhi, uko hapo, unaona.

Na watengenezaji nao wasijifiche. Tangu Android 7 ya 2016, simu zilizoundwa kwa mtindo huo huandika mfumo mpya pembeni huku unaendelea kuchati. Ukigoma kuwaka, simu inarudi kwenye ule wa zamani. Kwa hivyo njia ya kumheshimu mtumiaji inajulikana. Kompyuta inayomkatiza mtu katikati ya sentensi imetengenezwa na watu walioamua kwamba haraka yao ni kubwa kuliko yake.

Basi wenye saiba, wiki hii: wekeni saa za kazi, chagueni asubuhi moja ya apdeti kila mwezi, bandikeni tangazo mlangoni. Kiraka kikubwa cha Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, na huku kwetu huwa ishafika usiku. Alhamisi asubuhi inatosha.

Na wewe mteja, kabla hujalipa uliza: "Saa za kazi za hii mashine zimewekwa?" Wakikutolea macho, vuka barabara. Saiba ziko nyingi. Siku ya mwisho ya HELB ni moja.